Dawa Inaposhindwa: Tujue Bakteria Sugu na Adui Yake Faji



Katika mikutano mingi husikika lalamiko moja: "Dawa za siku hizi hazina nguvu. Mtoto amemeza vidonge vyote na bado anaumwa." Wakati mwingine dawa yenyewe ni mbovu au imepitwa na muda. Lakini kuna wakati dawa ni nzuri kabisa, ila bakteria aliyeleta ugonjwa haogopi tena dawa hiyo. Hali hii huitwa usugu. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 watu kama milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria sugu. Jambo hili si la hospitali kubwa peke yake. Linaanzia nyumbani, dukani na hata katika banda la kuku.

USUGU HUTOKA WAPI?

Bakteria ni kiumbe mdogo sana asiyeonekana kwa macho. Wengi hawana madhara. Akipata chakula na joto la kutosha, bakteria wa tumboni anaweza kugawanyika kuwa wawili kila dakika 20. Kila mara hunakili jeni zake, yaani maagizo ya maisha yake, na kuwapa watoto. Katika kunakili, makosa hutokea. Mengi hayana faida, lakini mara chache sana kosa moja humfanya bakteria asidhurike na dawa fulani.

Watu husema ati mdudu "amezoea" dawa. Sivyo hasa. Mwaka 1943 wanasayansi wawili, Salvador Luria na Max Delbrück, walionyesha kwamba bakteria sugu huwa wamekwisha kuzaliwa kabla hata ya kukutana na kile kinachowaua wenzao. Dawa hufanya kama mkulima anayechagua mbegu: inaondoa walio dhaifu na kuwaachia sugu shamba lote.

Njia ya pili ni kupeana. Bakteria wengine wana kipande kidogo cha jeni kiitwacho plazimidi. Hukipitisha kwa wenzao kama vile akina mama wanavyozungushiana pesa za chama. Tofauti ni kwamba bakteria anayetoa hukinakili kwanza, kwa hivyo habaki mikono mitupu. Huko Japani, katika miaka ya 1950, madaktari walikuta bakteria wa kuhara damu walioshinda dawa kadhaa kwa mpigo. Mwaka 1959 watafiti wa huko walionyesha kwamba bakteria wa kawaida wa tumboni anaweza kumpa huyo wa kuhara damu usugu wake. Hii ndiyo sababu vidonge vinavyomezwa ovyo kwa jirani vinaweza kumletea shida mtoto wako.

FAJI NI NINI?

Bakteria naye ana adui wake: virusi vidogo kuliko yeye vinavyoitwa bakteriofaji, au faji kwa kifupi. Maana ya jina hilo ni "mla bakteria". Frederick Twort wa Uingereza aliandika habari zao mwaka 1915, na Félix d'Hérelle, akifanya kazi Paris, akawapa jina mwaka 1917.

Faji hujishikiza kwenye ngozi ya bakteria na kumwingizia jeni zake. Bakteria analazimika kutengeneza faji wengine ndani yake mpaka anapasuka, nao wanatoka kutafuta wengine. Faji hachukui kila bakteria. Ni kama ufunguo na kufuli lake. Wala hashambulii chembe za mwili wa mtu.

Mwaka 1923 George Eliava alianzisha taasisi ya kazi hii mjini Tbilisi, nchi ya Georgia, na hadi leo wagonjwa hutibiwa huko kwa faji. Nchi nyingi ziliwasahau baada ya penisilini kuenea. Ila mwaka 2016 huko San Diego, Marekani, profesa Tom Patterson, aliyeambukizwa bakteria sugu alipokuwa safarini Misri, alipewa faji pamoja na dawa nyingine, akazinduka na kupona. Bakteria wake walianza kushinda faji wa kwanza, ikabidi watafutwe wengine. Hapa kwetu Nairobi, watafiti wa taasisi ya mifugo ya ILRI wamechunguza faji wa kupambana na salmonela kwenye kuku.

Lakini tusikimbilie kushangilia. Faji wengine hubeba jeni kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, kwa hivyo lazima wachaguliwe maabarani kwa makini. Na kwa kuwa faji hupatikana sana kwenye maji machafu, mtu asije akasema ati maji ya mto ni dawa! Maji hayo yana kipindupindu na homa ya matumbo. Faji ni tumaini jema, bali bado hawauzwi katika duka la dawa la sokoni kwetu. Dawa tulizo nazo ndizo za kulinda.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Antibiotiki zitolewe na mhudumu wa afya. Haziponyi mafua, kwa kuwa mafua huletwa na virusi.
2. Meza kipimo na siku ulizoambiwa, si pungufu, si zaidi. Usimgawie jirani, usiweke akiba.
3. Usiwape kuku dawa ili wanenepe. Wakiugua, muulize daktari wa mifugo, na usiuze mayai wala nyama kabla ya siku za kungojea zilizoandikwa kwenye pakiti kwisha.
4. Choo, maji safi, sabuni na chanjo. Asiyeugua hahitaji dawa, na bakteria sugu anakosa njia ya kupita.

MASWALI YA KUJADILIANA

Ni nani kati yetu ana vidonge vilivyobaki nyumbani? Tuvipeleke wapi? Wanaofuga kuku, mnanunua dawa gani, na ni nani aliyewashauri? Je, pesa kidogo za chama zinaweza kumsaidia mwanachama kununua dozi kamili badala ya nusu?

Swali hili la mwisho lisipite bure. Mara nyingi mtu hununua vidonge vinne badala ya dozi nzima si kwa ujinga, ni kwa kukosa pesa. Hapo ndipo kikundi kina kazi.