Helmut Rahn, Winga wa Essen

Husimuliwa huko Essen, mji wa makaa ya mawe na vyuma upande wa magharibi wa Ujerumani, kwamba Helmut Rahn hakuweza kuingia baa kunywa bia yake pasina mtu kumshika bega na kumtaka alisimulie lile bao. Naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa maskhara na mwepesi wa maneno, alilisimulia mwaka baada ya mwaka, hata mwishowe likamkinaisha, akajitenga na waandishi na wageni, asionekane tena hadharani ila kwa nadra. Mimi nasikitika kwamba maisha yote ya winga hodari kiasi kile yamefupishwa yakawa dakika moja, ilhali ukitafuta ushahidi wa kipaji chake utaupata ulio bora zaidi miaka minne baada ya dakika hiyo.

Alizaliwa Essen tarehe 16 Agosti 1929, akachezea timu ndogo za mitaa ya wachimba migodi kabla ya kujiunga na Rot-Weiss Essen mwaka 1951. Msomaji asidhani kwamba mchezaji wa zama hizo aliishi kama hawa wa leo. Ujerumani Magharibi haikuwa na ligi moja ya taifa mpaka mwaka 1963, na kanuni za chama cha mpira ziliweka ukomo wa ujira wa mchezaji, ambao mwanzoni ulikuwa marki 320 kwa mwezi, kwa hivyo aghalabu ya wachezaji walikuwa na kazi nyingine ya kuwalisha. Katika hali hiyo Rahn aliisaidia timu yake kutwaa Kombe la Ujerumani mwaka 1953 na ubingwa wa nchi mwaka 1955. Alikuwa winga wa kulia mwenye kifua kipana na shuti zito, asiyeridhika kushikamana na chaki ya pembeni kama walivyofanya mawinga wengi wa wakati wake, bali akipenda kukata kuingia ndani na kupiga mwenyewe, jambo lililowafurahisha watazamaji na kuwaudhi baadhi ya wenzake waliokuwa wakingoja pasi.

Mwaka 1954, Kombe la Dunia lilipokaribia, yeye alikuwa Amerika ya Kusini katika ziara ya klabu yake, na klabu ya Peñarol ya Uruguay ilikuwa ikimtamani, mpaka kocha wa taifa, Sepp Herberger, alipompelekea simu ya maandishi kumwamuru arejee hima. Huko Uswisi, kwenye mashindano hayo, Herberger alimlaza chumba kimoja na nahodha Fritz Walter, mtu wa hofu na mawazo mengi, na nadhani tadbiri hiyo ilikuwa na faida kwa wote wawili, kwani mmoja alihitaji kuchekeshwa na mwenziwe alihitaji kutulizwa.

Fainali ilichezwa Bern tarehe 4 Julai, mvua ikinyesha, dhidi ya Hungaria, timu iliyokuwa haijafungwa tangu mwaka 1950 na ambayo katika mashindano hayo hayo ilikwisha kuwalaza Wajerumani 8–3. Dakika nane tu zilitosha Hungaria kuongoza 2–0. Mjerumani Morlock akarudisha moja, na katika dakika ya 18 Rahn akasawazisha kutokana na kona ya Walter. Kisha ikaja dakika ya 84. Mwenzake Schäfer alimimina krosi kutoka kushoto, beki wa Hungaria akaiondoa kwa kichwa, mpira ukamwangukia Rahn nje kidogo ya eneo la hatari. Mabeki walimwona akijiweka kama atakayepiga kwa mguu wa kulia, ambao ndio uliokuwa mguu wake, wakajitupa kuziba upande huo. Yeye akausogeza mpira kushoto na kupiga chini chini, na golikipa Grosics, ingawa alijirusha kwa urefu wake wote, hakuugusa. Ujerumani ikawa bingwa kwa 3–2.

Sifa nyingi zina hatari yake. Bia ilimzoea, mwili ukanenepa, na mwaka 1957 akatiwa gerezani kwa kuendesha gari hali amelewa. Baadaye, alipokwisha kupitia Köln na Enschede ya Uholanzi, alirudi nyumbani kuichezea Meidericher SV katika msimu wa kwanza wa Bundesliga, ile ligi moja ya taifa. Timu ikamaliza ya pili, naye akaingia katika kumbukumbu kwa namna asiyoitaka, kwa kuwa mchezaji wa kwanza kutolewa uwanjani na refa katika ligi hiyo. Akaacha mpira mwaka 1965, akafanya biashara ya magari, akafariki Essen tarehe 14 Agosti 2003, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 74.

Lakini kati ya gereza na Köln iko Uswidi, kulikochezwa Kombe la Dunia la mwaka 1958, na hapo ndipo ningependa asimuliwe. Wengi walimwona Rahn wa mwaka 1958 kuwa mtu aliyekwisha, na Herberger, ambaye kwa nidhamu alikuwa mkali asiyekawia kumwacha mtu, alishauriwa na akili yake mwenyewe kinyume cha rai ya wengi, akamchukua. Rahn alifunga mawili dhidi ya Ajentina, moja dhidi ya Chekoslovakia, moja dhidi ya Ireland ya Kaskazini, kisha bao pekee la robo fainali dhidi ya Yugoslavia, timu ile ile aliyoifunga katika hatua ile ile mwaka 1954. Katika mechi sita alinyamaza moja tu, nayo ni nusu fainali waliyofungwa na wenyeji 3–1. Na katika kuwania nafasi ya tatu, Ufaransa ilipowashindilia 6–3, bado alipata lake. Jumla ikawa mabao sita, sawasawa na kijana wa Kibrazili aliyeitwa Pelé, ambaye dunia ilikuwa ndiyo kwanza inamjua.