"Lugha Rasmi" Isiyo ya Serikali: Istilahi za Nadharia ya Otomata

1. Utangulizi

Miongoni mwa matawi ya sayansi ya kompyuta liko moja lililoazima sehemu kubwa ya msamiati wake kutoka kwa wanaisimu. Tawi hilo huzungumza juu ya lugha, alfabeti, maneno na sarufi, ilhali halikusudii kwa maneno hayo yale tunayoyakusudia sisi. Mfasiri anayelikabili kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kazi yake ni nyepesi, kwa kuwa kila neno lina mwenzake katika kamusi. Hapo ndipo ilipo hatari. Makala hii yakusudia kueleza dhana chache za tawi hilo, kisha kuonyesha kwa nini baadhi ya istilahi zinazomjia mfasiri upesi hazifai.

2. Asili ya nadharia

Mwaka 1943 Warren McCulloch na Walter Pitts wa Marekani walichapisha makala iliyoeleza kazi ya neva kwa njia ya mantiki. Mwaka 1951 mwanahisabati Stephen Kleene aliichunguza mitandao hiyo, akauliza ni mifuatano gani ya matukio inayoweza kutambuliwa nayo. Jibu lake lilichapishwa mwaka 1956. Mwaka uo huo mwanaisimu Noam Chomsky alilinganisha vielelezo vitatu vya kuelezea lugha, akatoa hoja kwamba kile chenye hali za kikomo hakitoshi kwa sarufi ya Kiingereza. Mwaka 1959 Michael Rabin na Dana Scott waliandika makala iliyoiweka nadharia hii katika umbo linalofundishwa hata leo, na kwa ajili yake wakapewa Tuzo ya Turing mwaka 1976. Kwa hiyo elimu hii imezaliwa na elimu ya neva, hisabati na isimu kwa pamoja, na istilahi zake zina alama za wazazi wote watatu.

3. Dhana yenyewe

Otomata si chombo cha chuma. Ni mashine ya kufikirika. Ina hali chache zinazohesabika. Moja ni ya mwanzo, na moja au zaidi ni za kukubali. Husoma mfuatano wa alama, moja baada ya moja, na kila isomapo alama huhama kutoka hali moja hadi nyingine kwa kufuata kanuni iliyowekwa. Mfuatano ukiisha nayo imo katika hali ya kukubali, mfuatano huo umekubaliwa. La sivyo umekataliwa. Seti ya mifuatano yote inayokubaliwa ndiyo huitwa "lugha" ya otomata hiyo. Msemaji hayumo, wala maana haimo.

Tuchukue mfano wa kitenzi chetu. Tuwe na viambishi sita vya nafsi (ni, u, a, tu, m, wa), vinne vya njeo (na, li, ta, me), mizizi mitatu (som, pik, andik) na kiishio a. Kila kimoja tukihesabu kuwa alama moja. Otomata yenye hali 5 yatosha: ya mwanzo, ya baada ya nafsi, ya baada ya njeo, ya baada ya mzizi, na ya mwisho, ambayo ndiyo ya kukubali. "Wanapika" litakubaliwa, "liasoma" litakataliwa. Lugha ya otomata hii ina maneno 72, wala halizidi hata moja.

Sasa tukitaka kuongeza ukanushi, kama "hawapiki", tunaona jambo jipya: kiambishi cha mwanzo huamua kiishio. Otomata haina daftari la kuandikia kwamba "ha" imekwisha kupita. Kumbukumbu yake yote ni hali iliyomo. Yapasa basi ipewe njia ya pili, yenye hali zake yenyewe, kutoka "ha" hadi "i". 

Hapo pia ndipo ulipo mpaka wake. Tuseme twataka ikubali mabano yaliyofunguliwa kisha yakafungwa kwa idadi ile ile. Baada ya kusoma mabano 0, 1, 2, 3, 4 au 5 ya kufungua, yapo mambo 6 ya kukumbuka. Otomata yenye hali 5 haina budi kuchanganya mawili kati ya hayo, na tangu hapo itakubali mfuatano usio sahihi au kukataa ulio sahihi. Hata tukiongeza hali ziwe 1,000, mabano 1,000 yataishinda kwa sababu ile ile.

Wala mambo haya si ya darasani tu. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alitoa mfumo wa mofolojia ya ngazi mbili uliojengwa juu ya otomata za aina hii. Arvi Hurskainen, wa chuo kikuu hicho hicho, aliutumia kuchanganua maneno ya Kiswahili, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1992.

4. Istilahi zinazopotosha

Neno la Kiingereza "formal" hufasiriwa mara nyingi kuwa "rasmi". Lakini "lugha rasmi" imekwisha kupata maana ya kisheria: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yataja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Mwanafunzi akisoma kwamba lugha rasmi ni seti ya mifuatano ya alama, na mtumishi wa serikali akisoma kwamba nyaraka ziandikwe kwa lugha rasmi, neno moja litakuwa limebeba mizigo miwili isiyohusiana. "Lugha ya alama" nayo haifai, kwani ni lugha ya viziwi, yenye wasemaji na utamaduni wake. 

Kosa la pili ni zito zaidi. "Regular" likifasiriwa "ya kawaida", tunapata "lugha ya kawaida", yaani lugha wanayozungumza watu kila siku. Istilahi itakuwa imesema kinyume cha dhana yake.

5. Mapendekezo

Kwa kuzingatia dhana badala ya sura ya neno la kigeni, yapendekezwa:

Lugha ya kikanuni: seti yoyote ya mifuatano ambayo mipaka yake huwekwa na kanuni peke yake.
Lugha sahili: lugha ya kikanuni inayoweza kutambuliwa na otomata kikomo. Kivumishi hiki kimezoeleka katika "sentensi sahili", nacho chaonyesha ngazi ya chini kabisa ya lugha hizo.
Otomata kikomo: otomata ambayo idadi ya hali zake ina kikomo. Kinachokoma ni idadi ya hali, si urefu wa mfuatano usomwao.
Hali: mahali ilipo otomata katika kazi yake, isifasiriwe "dola".
Mfuatano: alama zilizopangwa moja baada ya nyingine, isifasiriwe "uzi".

Walimu wanaofundisha somo hili na wafasiri wa vitabu vyake ndio watakaozipima istilahi hizi. Iliyo dhaifu na ibadilishwe mapema, kabla haijaingia katika vitabu vya shule. Kwa maana istilahi ikishakaririwa darasani, si rahisi kuing'oa hata kosa lake lijulikane na wote.