Pipa la Mashine ya Kusaga Liwe Laini Ndani

Mkulima apelekaye mahindi yake mashineni hutaka kurudi nyumbani na unga wake wote. Lakini tazama mabati ya chumba cha mashine, iwe ni Kaloleni mjini Arusha au kijijini kwenye miteremko ya Meru: mara nyingi yamekuwa meupe. Weupe ule ni chakula cha mtu. Wakulima wengi humshuku mwenye mashine kuwa ameiba. Pengine hana hatia, na mwizi ni pipa lake.

Pipa hilo ni lile la bati lililo juu ya mfuko wa unga, pana juu na jembamba chini mfano wa pia. Mafundi huliita saikloni. Lilianza kutumika katika vinu vya unga vya Marekani miaka ya 1880. Kazi yake ni kutenga unga na upepo. Feni huvipuliza vyote pamoja, navyo huingia pipani kwa ubavu na kuzunguka kwa kasi. Je, umepata kuzungusha ndoo ya maji kwa mkono? Maji hayamwagiki, kwa kuwa mzunguko huyasukuma kwenye kitako cha ndoo. Unga nao husukumwa ukutani, ukateleza hadi chini na kuingia mfukoni. Upepo hugeuka, ukapanda katikati na kutoka kwa bomba la juu.

Sasa fikiri mfereji wa shambani. Uliosakafiwa kwa saruji hupitisha maji mbio. Wenye mawe na mizizi huyachelewesha. Upepo ni vivyo hivyo. Kutu, mabonde ya bati, mishono ya kuchomelea iliyovimba na unga ulioganda huupunguzia mwendo. Hasara yake ni kubwa kuliko ionekanavyo, maana nguvu inayosukuma unga ukutani hufuata kasi mara kasi. Kasi ikishuka ikawa robo tatu ya ile ya kwanza, nguvu hubaki kupita nusu kidogo tu. Chembe nzito bado zitaanguka. Zile laini kabisa huchukuliwa juu. Tena chembe nyingine hugonga vinundu zikarushwa katikati, penye upepo upandao.

Jambo moja huwadanganya hata mafundi. Ukuta ukiparuza, mzunguko hulegea, na upepo hupita kwa urahisi kuliko kwanza. Mtu husema mashine yake imekuwa nyepesi, akafurahi. Asifurahi.

Asili ya ubaya huu mara nyingi ni mahindi yasiyokauka. Yakisagwa hutoa mvuke, na asubuhi za baridi za Juni na Julai mvuke ule hugeuka maji kwenye bati, unga ukaganda. Mwendesha mashine huchukua nyundo akaligonga pipa ili unga uanguke. Hapo amefanya bonde. Bonde hushika unga mwingine, naye hugonga tena. Mapipa mengine yamegongwa hata yanafanana na sufuria ya kale.

Basi anika mahindi mpaka unyevu usizidi asilimia 13 hivi. Usipokuwa na kipimo, tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Mwenye mashine naye alisugue pipa kwa brashi baada ya kazi, mashine ikiwa imezimwa, badala ya kuligonga. Mishono isagwe iwe sawa na bati, na bati lililoliwa na kutu libadilishwe. Asipake ndani rangi ya nyumba, kwani hubanduka ikaingia katika chakula.

Ukisaga dona, pima mahindi kwa mizani kabla, na unga baadaye. Uzito hupungua kidogo tu, kwa sababu ya unyevu uliokauka na unga uliobaki ndani ya mashine. Kwa sembe kipimo hiki hakifai, maana pumba zimetolewa. Kilo zikipungua sana, usianze ugomvi. Mwombe mwenye mashine aizime, afungue pipa, apitishe kiganja ndani nawe ukiwapo.