Mnene Naye Hupendwa

Jumamosi iliyopita, nikiwa mjini Nyeri, nilisimama mbele ya muuzaji wa vitabu vya mitumba aliyekuwa ametandaza gunia kando ya njia. Zilikuwapo riwaya za mapenzi zipatazo thelathini, na katika majalada yote msichana alikuwa ni yule yule: kiuno cha nyigu, shingo ndefu na mikono myembamba iliyomkumbatia mwanamume mwenye kifua kipana. Nilinunua mbili, nikapanda matatu kwenda Karatina.

Msomaji anayelifahamu soko la Karatina anajua niliyoyaona huko. Niliwaona akina mama wenye miili yao, wameketi nyuma ya mafungu ya viazi na karoti, wakitaja bei kwa sauti na kutaniana na wateja. Wanawake hao wamependa na kupendwa, wameposwa, wamecheka na kulia kwa ajili ya wanaume. Nikajiuliza: mbona hakuna hata mmoja wao katika vitabu nilivyobeba mkobani?

Kabla ya kuwanyoshea wengine kidole, sina budi kuungama. Miaka mingi iliyopita niliandika hadithi fupi ya kuchekesha juu ya kijana aliyemfuata msichana kutoka Othaya hadi Nanyuki, asiweze kutamka neno kwa haya. Kijana huyo nilikuwa mimi, na msichana ndiye mke wangu wa leo. Yote yalikuwa ya kweli: mvua, matatu iliyokwama matopeni, hata gunia la viazi nililojitolea kumbebea likanishinda. Kilichokuwa uongo ni mwili wake. Mke wangu ni mnene, na alikuwa hivyo tangu usichana wake. Mimi nikamwandika mwembamba kama mwanzi, kwa kudhani kwamba ndivyo apasavyo kuwa shujaa wa mapenzi. Alipomaliza kusoma alinirudishia karatasi zangu na kuniuliza, "Baba Wambui, huyu uliyemfuata Nanyuki ni nani? Mimi simjui." Sikuwa na jibu.

Katika fasihi yetu unene haukukosa nafasi, ila ulipewa nafasi mbaya. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika riwaya yake ya Kikuyu ya mwaka wa 1980, "Caitaani Mũtharaba-inĩ", alimchora tajiri mwenye tumbo kubwa kupita kiasi, nalo likawa ishara ya ulafi wa wanyonyaji. Mwanamke mnene naye ameachiwa vichekesho vya jukwaani, ambamo yule aitwaye mama wa Nyeri humfukuza mumewe kwa mwiko. Hupewa kicheko, hapewi mpenzi.

Kwingineko mambo yamebadilika hatua kwa hatua. Mwaka wa 1996 Mwingereza Helen Fielding alituletea Bridget Jones, aliyeandika uzito wake katika shajara kila siku kama mtu aandikaye madeni. Mwaka wa 1998 Alexander McCall Smith akamleta Precious Ramotswe, mpelelezi wa Gaborone, mwanamke mnene asiyeuonea haya mwili wake, na fundi wa magari J.L.B. Matekoni akampenda jinsi alivyo. Mwaka wa 2019 Talia Hibbert wa Uingereza aliandika "Get a Life, Chloe Brown", ambamo msichana mweusi, mnene na mwenye maradhi ya maumivu ya kudumu anapendwa na mchoraji. Mwaka uliofuata, katika "Spoiler Alert", Mmarekani Olivia Dade akampa mtaalamu wa miamba, naye mnene, penzi la mwigizaji mashuhuri. Katika riwaya hizi mbili za mwisho wasichana hawangoji kukonda ndipo wapendwe, na ucheshi hutoka katika vituko vya mapenzi yenyewe, wala si katika ukubwa wa nguo zao.

Wapo watakaonikumbusha kwamba madaktari hutuonya juu ya unene, shinikizo la damu na kisukari. Sipingi. Lakini hospitali ina kazi yake na riwaya ina yake. Mgonjwa huhitaji dawa. Hahitaji kuambiwa kwamba hana haki ya kupendwa hadi mizani iridhike. Wala sitaki wembamba wafukuzwe vitabuni. Nasema tu kwamba msichana wa shule anayesoma riwaya thelathini bila ya kujiona hata katika moja hujifunza somo ambalo hakuna mwalimu aliyemfundisha: kwamba mapenzi ni ya wengine. Wahenga walinena kwamba kipendacho moyo ni dawa. Hawakutaja kiuno.

Waandishi wa huku mlimani hawana udhuru. Wahome Mutahi, mzaliwa wa Nyeri aliyefariki mwaka wa 2003, alituchekesha kwa miaka mingi kwa visa vya Whispers na mkewe Thatcher, na vicheko hivyo vilitoka ndani ya nyumba zetu wenyewe. Basi na tuwaandike wapenzi wetu kama tulivyowaona.

Mimi nimeanza. Nimeitoa ile hadithi sandukuni na kuiandika upya, na msichana nimemrudishia uzito wake wote. Juzi nilimpa Mama Wambui aisome. Alicheka, akafuta macho kwa ncha ya leso, kisha akasema, "Huyu sasa namjua. Ila hukuandika kwamba lile gunia nililibeba mimi."