Betri Kuukuu: Tusizipasue Karibu na Watoto

Mwezi huu tuzungumze juu ya kitu kilichomo katika nyumba nyingi hapa kambini: betri kubwa ya gari au ya sola. Inatuchajia simu, inawasha redio na taa. Ikifa, ndipo taabu inaanza. Huyu anaipasua atoe vyuma vya ndani, yule anaviyeyusha kwa mkaa atengeneze vizito vya nyavu, mwingine anamwaga maji yake nyuma ya nyumba.

Ndani ya betri hiyo mna madini ya risasi. Wengi wetu tulikimbia risasi za bunduki. Hii nayo inaua, ila haina mlio wala harufu.

Yaliyotokea kwa wenzetu

Katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, jijini Dakar, Senegal, watu walikuwa wakipasua betri na kuchekecha mchanga wapate risasi ya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Wataalamu walipima damu ya ndugu na mama zao, wakapima pia udongo wa nje na vumbi la ndani ya nyumba. Kote walikuta risasi.

Huko Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilijengwa jirani na nyumba za watu wa Owino Uhuru. Mama mmoja aliyefanya kazi humo, Phyllis Omido, aliona mtoto wake mchanga anaugua. Damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Mama huyo hakunyamaza; aliungana na majirani, na mwaka 2014 kiwanda kikafungwa.

Inaingiaje mwilini?

Kwa moshi na kwa vumbi. Mtoto anatambaa chini, anaweka mikono mdomoni. Tena mwili wa mtoto unanyonya risasi mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Mwili unaidhania ni kalisi, unaificha mifupani kwa miaka. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni.

Dalili zake ni tumbo kuuma, kukosa hamu ya kula, kupungukiwa damu, uzito wa kuelewa masomo, na hali ikizidi, degedege. Ni rahisi kudhani ni malaria. Basi ukienda zahanati, mwambie mganga kama nyumbani au kwa jirani kuna kazi ya betri.

Tufanye nini?

- Betri iliyokufa usiipasue wala kuichoma. Iuze ikiwa nzima, au mrudishie aliyekuuzia.
- Maji yake ni asidi. Usiyamwage chini.
- Usiyeyushe risasi nyumbani, na usitumie sufuria ya kazi hiyo kupikia.
- Baba fundi, badili nguo na kunawa kabla ya kumbeba mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake.
- Nyunyiza maji kabla ya kufagia, vumbi lisiruke.
- Watoto wanawe kwa sabuni kabla ya kula. Wasishinde njaa, maana tumbo tupu linanyonya risasi zaidi. Dagaa, maharage na mboga za majani husaidia.
- Usitegemee kuchemsha maji: kunaua vijidudu, lakini hakuondoi risasi.

Wengine watasema, "Sasa nitakula nini, na kazi yangu ndiyo hii?" Jamani, hatumlaumu mtu anayetafuta riziki. Tunaomba kazi hiyo itoke uani, iende mbali na watoto, na betri ziuzwe bila kupasuliwa.

Wala tusikate tamaa. Zamani petroli ilitiwa risasi, na moshi wa magari ukaisambaza kila mji. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia Januari 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Nchi zilizoacha, risasi ilipungua katika damu ya watoto wao.

Basi leo jioni tazama uani kwako. Kama kuna betri iliyopasuka, usimtume mtoto kuiondoa. Iondoe mwenyewe, kisha unawe.