Mtoto anataka kuwa avoka: achague seksioni gani?

Kila mwaka, watoto wakimaliza mwaka wa nane, wazazi wanakuja kutuuliza ku biro ya sendika: mtoto wetu anataka kuwa avoka, tumutie wapi? Wengi wanafikiri ni lazima Latin-Filo. Wengine wanamutosha mtoto mu Komersiali ao mu Teknike, anarudi nyuma mwaka muzima. Musifanye vile.

Wengine wameona mambo ya Marekani ku telefone. Kule mtu anasoma kwanza miaka 4 kitu kingine, historia ao uchumi, kisha miaka 3 ya sheria. Hapa kwetu Kongo haiko vile. Mtoto akipata diploma ya Serikali, anaweza kuingia moja kwa moja mu fakulte ya sheria. Njo maana kuchagua kunaanza mu sekondari.

Latin-Filo ni nzuri, inafundisha kuandika na kubishana kwa mpango. Lakini haiko mulango moja tu. Sisi wa sendika tumeona kesi zikikwama juu ya dekonte finali: avoka anajua sheria, lakini kuhesabu preavi, konji na primu kunamushinda. Mtoto wa Komersiali atafungua karatasi ile bila woga. Wa Teknike ataelewa ginsi gani mashine ilimukata mtu mukono.

Kitu kimoja hakina mubadala: Kifaransa. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, Sheria ya Madini ya 11 Julai 2002 na mabadiliko yake ya 2018, zote zimeandikwa mu Kifaransa.

Tena mupange franka mapema. Zamani ilikuwa gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2, jumla 5. Sasa lisansi yenyewe ni miaka 3, kisha masta miaka 2. Jina limebaki, miaka imebadilika. Ile lisansi ambayo sheria ya ba avoka ya 1979 iliomba ilikuwa ya miaka 5. Kisha kuko staji ya miaka 2. Mwenye kuhesabu miaka 3 tu atakwama njiani.

Mbele ya kubadilisha seksioni, mumupe mtoto mkataba wa kazi wa baba yake. Asome, kisha aeleze mama yake kwa Kiswahili mambo iliyoandikwa mule. Akiweza, seksioni yake inatosha. Asipoweza, ile franka ya kumuhamisha mulipie mwalimu wa Kifaransa.