Chaji ya Simu kwenye Bodaboda: Waya Unaanzia Wapi?

Simu ya dereva wa bodaboda siku hizi haipumziki. Inapokea oda, inaonyesha ramani, inapokea malipo, na katikati ya hayo inapigwa na mteja anayeuliza umefika wapi. Kutwa nzima skrini inawaka, data iko wazi na GPS inatafuta njia. Ni betri chache za simu zinazohimili kazi hiyo hadi jioni. Ndiyo maana tundu la USB limekuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kufungwa kwenye Boxer au TVS iliyotoka dukani, mara nyingi pale pale kando ya barabara, fundi akiwa na koleo, kisu na tepu nyeusi.

Mteja naye ana maswali yake. Litakaa kushoto au kulia? Lina matundu mangapi? Lina taa ya buluu? Swali lenye uzito huwa halitoki mdomoni: huo waya wake unaanzia wapi, na kuna nini kati yake na betri?

Tuanze na hesabu, maana ni fupi. Wati ni volti mara ampea. Simu inayochaji kwa volti 5 na ampea 2 inatumia wati 10. Kile kifaa kidogo kinachoshusha umeme wa betri kutoka volti 12 hadi 5 hupoteza kiasi kwa njia ya joto, hivyo pikipiki inatoa wati 11 au 12, yaani takriban ampea 1. Taa ya mbele ya balbu ya wati 35 inakula karibu ampea 3. Kwa hiyo simu moja si mzigo. Koili iliyo chini ya kava la magneti kwenye pikipiki ndogo nyingi inaweza kuzalisha makumi kadhaa ya wati hadi zaidi ya mia injini ikiwa kwenye mwendo, ingawa ikiwa imesimama kwenye foleni inatoa kidogo sana. Mambo huharibika pale simu inapoongezewa taa kali mbili za mbele, redio yenye spika na nyuzi za taa za rangi chini ya tanki. Hapo betri inatoa kuliko inavyorudishiwa, na mwenye chombo anakwenda dukani kuilaumu betri.

Sasa turudi kwenye mwanzo wa waya. Njia rahisi, ambayo mafundi wengi huifuata, ni kuunganisha moja kwa moja kwenye betri. Umeme upo muda wote, ufunguo uwepo usiwepo. Ubaya wake unaonekana kijiweni: injini zimezimwa, madereva wanasubiri abiria, na kila mwenye simu iliyokata chaji anaomba achomeke. Betri za pikipiki hizi ni ndogo. Nyingi ziko kati ya ampea-saa 2.5 na 9, na kiwango kimeandikwa ubavuni. Betri ya ampea-saa 5 ikitoa ampea 1 itakuwa tupu kwa saa tano kwa hesabu ya karatasi, lakini selfu itagoma mapema kuliko hapo. Hata bila simu, tundu lenye kioo cha kuonyesha volti linaweza kula miliampea 20 usiku na mchana. Ukisafiri siku kumi ukaiacha pikipiki nyumbani, utarudi uikute betri imekufa.

Njia ya pili ni kuiba umeme kwenye waya wa taa ya mbele, kwa kuwa uko karibu na usukani. Hii ni mbaya zaidi, na sababu yake wengi hawaijui. Kwenye pikipiki nyingi za bei nafuu, hasa za matoleo ya nyuma, taa ya mbele haitumii betri kabisa. Inapata umeme wa mkondo geu kutoka kwenye koili. Utaitambua kwa jicho: ukivuta mafuta taa inang'aa, ukiachia inafifia. Kishushio cha USB kimetengenezwa kwa mkondo mnyoofu. Kikipewa huo mwingine, kitakufa au kitachaji kwa kukatakata.

Njia iliyo sawa ni kuchukua umeme unaopita kwenye swichi ya ufunguo, ili ufunguo ukizimwa tundu nalo lizimike. Fundi anapaswa kuutafuta waya huo kwa multimita, si kwa kukisia rangi, kwa kuwa rangi hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda. Waya wa honi hupendwa kwa kazi hii, lakini uchunguze kwanza. Kwenye baadhi ya pikipiki honi ina umeme muda wote ufunguo ukiwa umefunguliwa, na kitufe hukamilisha upande wa hasi. Kwenye nyingine ni kinyume, na ukiunganisha hapo simu itachaji pale tu unapowapigia honi watembea kwa miguu.

Kama mzigo ni mkubwa kuliko simu moja au mbili, tumia relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme. Waya mwembamba kutoka kwenye swichi unaiamsha, na umeme wenyewe unatoka betri kupitia fyuzi. Namba zake zinafanana karibu kote duniani: 30 inapokea kutoka betri, 87 inapeleka kwenye kifaa, 85 na 86 ni za koili ya kuamshia. Kwa simu moja sioni haja yake.

Fyuzi ndiyo inayonifanya niandike makala haya. Watu wanaamini kwamba fyuzi inalinda simu. Hailindi simu. Simu itaungua kabla fyuzi haijashtuka. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya, na kwa kuulinda waya inakulinda wewe uliyekaa juu ya tanki la petroli. Fikiria njia ambayo waya huo unapita: unatoka betri, ambayo kwa kawaida iko ubavuni au chini ya kiti, unapita chini ya tanki ukigusa kingo za fremu, unazunguka shingo ya usukani, kisha unafika kwenye hendeli. Injini inautikisa safari nzima. Siku moja ukingo wa chuma unakwangua plastiki, shaba inagusa fremu, na betri inatoa makumi ya ampea kwa mkupuo kwenye waya uliotengenezwa kubeba mbili. Waya unakuwa mwekundu, plastiki inawaka, na juu yake pana petroli.

Fyuzi ya ampea 5 iliyowekwa karibu na ncha ya chanya ya betri, ndani ya sentimita 15 hadi 20 hivi, inakata umeme kabla mambo hayajafika huko. Karibu na betri, nasisitiza. Nimeona nyingi zimefungwa kwenye usukani, sentimita chache kutoka kwenye tundu, kwa kuwa hapo ni rahisi kuifikia. Hiyo inalinda hizo sentimita chache tu. Waya wote ulioko kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi.

Wapo wanaojitetea kwamba pikipiki tayari ina fyuzi yake kubwa. Ni kweli, na kwa kawaida ni ya ampea 10 hadi 20. Lakini fyuzi ya ampea 15 inaruhusu ampea 15 zipite kutwa bila kulalamika, wakati waya mwembamba uliokuja na tundu la USB utakuwa umekwisha kuyeyuka. Kila tawi jembamba linahitaji fyuzi yake. Kuhusu ile desturi ya kuziba nafasi ya fyuzi iliyokatika kwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, au kwa uzi wa shaba, sina la kusema zaidi ya kwamba fundi anayefanya hivyo asiguse tena chombo chako.

Waya wenyewe uwe wa nyuzi nyingi nyembamba, wenye unene wa milimita za mraba 0.75 au 1. Waya wa nyumbani wa shaba moja nene haufai, kwa sababu mtikisiko huuvunja. Upande wa hasi upelekwe hadi kwenye ncha ya hasi ya betri au kwenye boliti safi ya fremu. Ukiubana kwenye usukani, umeme utalazimika kurudi kupitia beringi za shingo zenye grisi, na simu itachaji ikikatika kila unapokata kona.

Viungio navyo vina siri. Kusokota nyaya na kuzungushia tepu kunadumu hadi mvua za masika. Gundi ya tepu huyeyuka kwa joto la injini, maji hupenya ndani kati ya nyuzi za shaba, na ukifungua baadaye unakuta kijani. Wengi hudhani kulehemu kwa risasi ndiyo dawa. Nyumbani ni sawa, lakini kwenye chombo kinachotikisika lehemu huufanya waya kuwa mgumu kama sindano, kisha ukavunjika pale ugumu unapoishia. Kiungio cha kubana kwa koleo maalumu, kikifunikwa kwa mrija wa plastiki unaosinyaa ukipashwa moto, hudumu zaidi. Baada ya kufunga, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, huku ukiangalia waya shingoni. Ukikazika, umefungwa vibaya. Karibu na tundu acha waya ushuke kidogo kisha upande, ili maji yadondoke kwenye pindo lile badala ya kufuata waya na kuingia ndani.

Kuna hatari moja inayowahusu zaidi watu wetu kuliko waendesha pikipiki za Ulaya. Madereva wengi betri ikifa hawanunui nyingine. Wanapiga kiki na kuendelea na kazi miezi kadhaa. Injini inaweza kukubali, hasa ile yenye kabureta. Lakini betri huwa inafanya kazi ya pili isiyoonekana: inameza mawimbi ya umeme yanayotoka kwenye rektifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme wa koili kuwa mkondo mnyoofu. Ikiwa imekufa au imetolewa, volti zinaruka juu na chini, na kishushio cha USB ndicho kinachopokea pigo. Vile vya bei ya chini kabisa vikiungua vinaweza kupitisha volti 12 hadi kwenye simu inayotegemea 5. Kama betri yako haifanyi kazi, usichomeke simu. Nunua kishushio kilichoandikwa volti 12 hadi 24, ili kiwe na nafasi ya kuvumilia.

Matangazo ya chaji ya haraka yasikusumbue. Volti 5 kwa ampea 2 zinatosha kuifanya simu yenye ramani iongezeke chaji badala ya kupungua. Tundu la aina ya USB-C lina faida yake: tangu Desemba 28, 2024 Umoja wa Ulaya unalazimisha simu mpya zinazouzwa huko ziwe na aina hiyo, na soko la dunia limefuata. Lile tundu kubwa la duara la kuwashia sigara, lililorithiwa kutoka kwenye magari, sipendi kuliona kwenye usukani. Plagi yake hulegea kwa mtikisiko, na mdomo wake mpana hukusanya maji. Ukilazimika kuwa na tundu la volti 12 kwa ajili ya pampu ya upepo, tafuta lile jembamba la kiwango cha ISO 4165, linalofungwa na watengenezaji kama BMW. Linabana vizuri zaidi.

Simu yenyewe ina adui wengine wawili. Mwaka 2021 Apple ilitoa onyo kwamba mitetemo mikali ya injini za pikipiki inaweza kuharibu kamera za baadhi ya iPhone, kwa sababu lenzi zake zinaelea kwa sumaku na vihisio. Kishikio chenye mpira wa kupunguza mtetemo kinasaidia. Adui wa pili ni jua. Betri ya lithiamu haipaswi kuchajiwa ikiwa imezidi nyuzijoto 45, na simu iliyoko kwenye usukani saa saba mchana, skrini ikiwaka na chaji ikiingia, inafika huko bila shida. Ikiacha kuchaji, hitilafu si ya tundu. Ihamishie kivulini.

Wenye pikipiki za umeme, zinazoongezeka Kigali, Nairobi na kwingineko, wana sheria moja tu ya kukariri: usiguse betri kubwa. Nyingi zina volti 48 hadi 72, na cheche za mkondo mnyoofu wa kiwango hicho hazizimiki kirahisi. Chombo hicho kina kishushio chake cha volti 12 kwa ajili ya taa na honi. Chukua huko, tena baada ya kuwauliza wenye betri, maana nyingi ni za kukodi.

Kazi ikiisha, mwambie fundi apime volti betrini. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa husoma karibu 12.6 au zaidi kidogo. Ukivuta mafuta ya wastani, isome kati ya 13.5 na 14.5, hata simu ikiwa inachaji. Ikibaki chini ya 13, chaji hairudi. Ikipita 15, rektifaya imeharibika, na simu yako itakuwa ya kwanza kujua. Kisha, kabla hajarudisha kava, mwombe akuonyeshe fyuzi kwa kidole. Asipoiona, usimlipe mpaka aiweke.